Tarbushi, Ua na Mrija wa Baba Mkwe

Baba mkwe wangu aliishi karibu nami kiasi kwamba nilisikia akipiga chafya, tena kwa miaka mingi, na uso wake siujui. Msinihurumie. Ndivyo tulivyolelewa sisi watu wa Ipyana na Makwale na kote huku bondeni: mke na baba wa mumewe hawatazamani, hawasemezani, hawakutani njiani. Nikisikia kikohozi chake najitupa kwenye migomba, hata kama nina mzigo wa kuni kichwani. Yeye naye akiona kaniki yangu kwa mbali anageuka na kujifanya anatafuta kitu kwenye majani. Wazee walikaa kijiji chao, sisi vijana chetu kando yake, na kila mtu alijua saa ya mwenzake ya kwenda mtoni. Tulipishana vizuri tu, wala hakuna aliyeumia.

Halafu Wadachi wakaja na sheria yao ya pombe.

Ilikuwa miaka ile baada ya sotoka kumaliza ng'ombe wetu. Bwana mkubwa wa boma kule mlimani alikuwa amechoka, tuliambiwa, na watu wanaofika kwenye kazi ya barabara wakiwa wamelewa. Akatunga sheria. Pombe itauzwa mahali pamoja tu, ndani ya ua wa matete uliojengwa kando ya njia ya kwenda ziwani. Itauzwa Jumamosi tu, tangu kivuli cha mlingoti uliosimikwa uani kinapogusa jiwe la kwanza mpaka kinapogusa jiwe la pili. Na kila mpishi wa pombe atasimama mwenyewe mbele ya msimamizi, watazamane macho kwa macho, aulizwe kama pombe yake ni mpya, ionjwe, ndipo chungu kifungwe kibati cha boma shingoni. Bwana mkubwa aliamini kwamba mwongo hujulikana machoni. Sijui kwao wanadanganyana vipi.

Sheria ilisomwa barazani, mkalimani akaitia Kiswahili, na mtu mwingine akaitia Kinyakyusa. Wanaume wote wakaitikia, "Ndiyo, bwana." Hakuna hata mmoja aliyejiuliza wapishi wa pombe ni akina nani. Kwao pombe ilikuwa kitu kinachotokea chenyewe asubuhi, kama umande. Na sisi wapishi hatukuwepo. Tungekuwepoje? Baraza lilijaa baba wakwe.

Wakatafuta msimamizi. Wakamchagua baba mkwe wangu, kwa sababu alikuwa mtu mnyoofu kupita kiasi, mtu wa kurudisha jembe la kuazima likiwa limeoshwa. Wakampa kapu la vibati, pembe ya kupulizia mwanzo na mwisho wa mauzo, na tarbushi nyekundu yenye shada jeusi. Mkalimani akaiinua ile tarbushi watu wote waione, akasema, "Mwenye kuvaa kofia hii ndiye boma. Akisema ndiyo, boma limesema ndiyo. Akisema bado, boma limesema bado." Mume wangu aliporudi nyumbani alinieleza hayo yote huku anacheka. Nikamuuliza, "Sasa mimi nitauzaje pombe yangu?" Akaacha kucheka.

Jumamosi ya kwanza sitaisahau. Tulifika wanawake wengi, tumebeba vyungu vile vipana wanavyofinyanga Wakisi wa ziwani, tumejipamba. Tukaingia uani, tukidhani mzee atamweka mtu mwingine mbele ya wakwe zake. Katikati amekaa mtu mwenye tarbushi. Loo! Yule mzee alikuwa na wana saba, na wana wa ndugu zake kwa mila yetu ni wana wake pia. Karibu sote tulikuwa wake wa wanawe. Palitokea kukimbia ambako sijakuona tena maishani mwangu. Mmoja alipita katikati ya matete akaacha tundu la umbo lake. Mimi nilitua chungu, sijui hata nilikitua wapi, nikajikuta nimelala kifudifudi kwenye shamba la viazi la watu. Msimamizi alibaki na vyungu visivyo na wenyewe, amejifunika uso kwa kapu la vibati, akisema peke yake, "Wameondoka? Wameondoka?"

Aliyebaki amesimama ni bibi mmoja tu, mjane aliyehamia kutoka mbali, ambaye hakuwa mkwe wa mtu yeyote pale. Alimtazama msimamizi machoni bila wasiwasi, akafungiwa kibati. Tangu siku hiyo pombe halali ikawa ni ya kwake peke yake. Na pombe yenyewe, jamani! Ilinuka kitambaa kilichosahauliwa kikiwa kibichi. Wanaume waliinywa Jumamosi baada ya Jumamosi, wanakunja nyuso, wanasema, "Leo imetulia kidogo." Yule bibi akaanza kutembea kama mke wa gavana. Ukimsalimu "Ugonile, bibi," anaitikia kwa kidevu.

Lazima niseme namna tunavyokunywa, la sivyo hamtaelewa kosa la mume wangu. Kimpumu chetu si pombe ya kumimina kikombeni. Ni ulezi uliooteshwa, ukapikwa, ukachachuka, ukajazwa chunguni ukiwa mzito. Hapo hapo unamwagiwa maji ya moto, na wanywaji wanakaa kuzunguka chungu, kila mtu na mrija wake mrefu, wanavuta taratibu. Anayetaka kunywa analipia kuingiza mrija wake. Maji yakiisha unaongeza mengine. Sasa mtu aliyekwisha kuvuta, pombe iko katikati ya mrija, pembe ikilia afanye nini? Airudishe?

Siku ya mkasa wetu mume wangu alikuwa katika hali hiyo hasa. Ametoka kuumwa homa ya wiki tatu, mbavu zinahesabika, ndiyo mara yake ya kwanza kutoka nje. Alikuwa na mrija mdomoni na mashavu yamebonyea. Kivuli kikagusa jiwe la pili. Baba yake alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwake, anamwona kabisa. Mvuto mmoja tu ulibaki. Angeweza kusubiri. Akapuliza pembe, mwanawe akamalizia kuvuta, na askari wa boma aliyekuwa akipita kukagua barabara akanyoosha kidole: "Huyu bado anavuta!"

Wakamchukua. Hukumu ilikuja kesho yake kwa mdomo wa mkalimani: faini ya rupia iletwe uani Jumamosi ijayo kabla ya kivuli kugusa jiwe la pili. Isipoletwa, ni hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya kiboko cha ngozi, papo hapo, mbele ya watu. Na kisha mizigo ya serikali hadi atakapochoka bwana mkubwa.

Mimi niliwahi kuona mtu mzima mwenye nguvu amepigwa hamsa ishirini. Alilala kwa tumbo mwezi mzima. Mume wangu na zile mbavu zake angekufa kwenye kiboko cha kumi. Na baba mkwe nilimchukia, nasema wazi. Kwa mvuto mmoja! Niliambiwa naye amekaa ndani, hali chakula, tarbushi ameiweka kwenye mchago anaitazama. Nikasema aendelee kuitazama.

Ng'ombe hawakuwepo, sotoka ilishawamaliza. Msimamizi halipwi chochote, ana kofia tu. Kitu pekee kilichoweza kugeuka kuwa rupia nyumbani mwetu kilikuwa kapu la ulezi nililokwisha kuliotesha. Yaani ili nilipe faini ya pombe, lazima niuze pombe. Na ili niuze pombe, lazima nimtazame machoni baba mkwe.

Mama mkwe alilia akasema yeye atauza kwa niaba yangu. Lakini sheria ilimkataza mke wa msimamizi hata kugusa chungu, wasije wakapendeleana. Nikaenda kwa yule bibi mjane, nikapiga magoti, nikamwomba aseme chungu changu ni chake. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu," akasema, "wakionja pombe yako wakidhani ni yangu, wiki ijayo watanidai nyingine kama hiyo." Ukweli wake ule ulinitia hasira, lakini sikuweza kuupinga.

Nikapika. Sijawahi kupika kimpumu kama kile. Nilikikoroga kwa machozi na matusi.

Jumamosi nilibuni mbinu yangu. Nilijiviringisha mkeka kuanzia kichwani mpaka magotini, mbele nikaacha upenyo wa kuonea miguu yangu, chungu nikamwomba shoga yangu akitangulize mpaka mlangoni. Pale nikageuka, nikaingia uani kinyumenyume, nikiburuta chungu. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Wazee wote walifunga macho kwa heshima, nasikia mmoja alifunga na ya mbuzi wake. Baba mkwe aliposikia mkeka unakwaruza alijua. Akageuka upesi, akanipa mgongo. Basi tukawa tumesimama mgongo kwa mgongo, chungu katikati.

Yule askari alikuwepo. Alikuwa mtu wa mbali, mrefu, mila zetu hazijui na hataki kuzijua. Mume wangu alikuwa amefungwa kamba kwenye mlingoti wa kivuli. Kiboko kilikuwa kiunoni mwa askari.

"Mpishi na msimamizi, tazamaneni!" akasema askari.

Hakuna aliyegeuka. Askari akanishika mkeka, akanizungusha. Baba mkwe akasikia, naye akajizungusha. Askari akamkimbilia yeye, akamgeuza, nikajigeuza mimi. Akanirudia. Tulizunguka kile chungu sijui mara ngapi, mimi na mkeka wangu, mzee na tarbushi yake, askari katikati anatokwa jasho, kama watu wanaocheza ngoma isiyo na mpigaji. Kila nikipita mlingotini namsikia mume wangu akisema kwa sauti ya chini, "Kivuli, mke wangu. Kivuli kinakwenda."

Askari akasimama kuhema. "Mzee mzima," akasema, "unamwogopa mke wa mwanao?"

Ndipo nikasikia sauti ya baba mkwe kwa mara ya kwanza ikisema jambo linalonihusu. Haikuja kwangu. Aliliambia lile ua la matete. "Ua," akasema, "kuna mtu ana chungu hapa. Muulize pombe yake ni ya lini."

Nikainama kwenye upenyo wa mkeka. "Chungu," nikasema, "liambie ua wewe umeiva jana."

"Ua, uliza kama haikuchanganywa na ya zamani."

"Chungu, sema haikuchanganywa, na kama kuna mtu hapa anaijua pombe mpya basi ni mimi."

"Basi!" Askari alipiga kelele mpaka kuku wakaruka. "Ua si msimamizi! Chungu si mpishi! Sheria inasema macho kwa macho na mwenye kofia. Kivuli kikifika hapo bila faini, huyu napiga." Akakitoa kiboko kiunoni, akakinyoosha ardhini kama mtu anayeanika mshipi.

Nilipoona ncha ya kile kiboko karibu na miguu ya mume wangu, nilifika mahali pa kuuvua ule mkeka. Nasema kweli. Nilishika ukingo wake. Ningemtazama baba mkwe, mila zife, nifukuzwe, mama yangu azomewe huko Makwale, lakini mume wangu asipigwe. Nilikuwa nimekwisha kuufungua mpaka shingoni. Nikasikia nyayo za mzee. Zilikuwa zinaondoka.

Alitembea bila kugeuka, nasikia macho ameyafumba, anapapasa hewa kwa mkono, mpaka akagusa mlingoti. Akapapasa tena, akakuta kichwa cha mwanawe. Akavua tarbushi. Akamvika.

Kisha akapita mlangoni, akatoka nje ya ua, akatokomea nyuma ya matete.

Mume wangu amefungwa kamba mikono nyuma, tarbushi imemfunika hadi kwenye nyusi, shada linaning'inia puani. Mkalimani alikuwa amekaa pembeni. Akakohoa, akasema taratibu, kama mtu anayesoma, "Mwenye kuvaa kofia hii ndiye boma."

Askari alimtazama mkalimani, akamtazama mfungwa wake, akaitazama tarbushi. Alikuwa mtu wa amri, na amri ilikuwa imekaa juu ya kichwa cha mtu aliyemfunga yeye mwenyewe. Mwishowe visigino vyake vikagongana. Alipiga saluti.

Nikauvua mkeka. Nikasimama mbele ya mume wangu, tukatazamana macho kwa macho kama sheria ilivyotaka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na kicheko, sijui kipi zaidi.

"Pombe yako ni mpya?" akaniuliza kwa sauti ya boma.

"Mpya, bwana," nikasema.

Nikamwekea mrija mdomoni aonje. Akavuta kwa muda mrefu mno. Askari akasema kuonja si kunywa. "Nahakikisha," akasema mume wangu, akavuta tena. Kisha akasema ndiyo. Kwa kuwa mikono ya msimamizi ilikuwa imefungwa, kibati alikifunga askari, na hakuna aliyekumbusha kwamba mimi nami sasa nilikuwa mke wa msimamizi.

Nilimwaga maji ya moto, na harufu ya ulezi ikajaza ua. Jamani, wanaume wale walikuwa wamekunywa kitambaa kibichi kwa miezi. Waliniangukia. Mirija ilijaa chunguni mpaka ikawa inagongana, watu wanasukumana, wanalipa kabla sijadai. Yule bibi mjane mwenyewe alikuja na mrija wake, akalipa, akavuta, akanitazama kwa chuki ya kweli. Faini ilitimia kivuli kikiwa bado mbali kidogo na jiwe. Nilimwekea askari mkononi. Akaifunga kwenye kitambaa, akamfungua mume wangu kamba, akasema, "Umekwisha kulipa. Sasa kaa hapa umalize usimamizi, kofia unayo." Halafu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekwisha na jua ni kali, akaomba mrija.

Nilikuwa naongeza maji nilipoona kitu kinasogea kwenye ua. Mrija. Mrefu kuliko yote, wa aina ile wanayounganisha wazee wanaopenda kukaa mbali na moshi. Ulipenya kwenye matete, ukapapasa huku na huku, ukagonga ukingo wa chungu, ukaingia. Kisha ukaanza kutikisika kidogo.

Wazee walitazama pembeni. Tangu apewe ile tarbushi, yule mtu hakuwahi kuonja pombe, maana msimamizi haruhusiwi. Alikuwa amekaa mbele ya vyungu Jumamosi zote zile mdomo mkavu. Sikumdai malipo. Nilinyanyua kibuyu cha maji ya moto, nikamwaga upande wake.

Kivuli kikagusa jiwe la pili.

Mume wangu alichukua pembe, akaiinua mdomoni. Watu wakaanza kuchomoa mirija yao harakaharaka. Ule mrija wa uani haukuchomoka. Mtu wa upande wa pili hakuona kivuli, alikuwa akisubiri kusikia pembe, na alikuwa katikati ya mvuto.

Niliitazama ile pembe kwenye midomo ya mume wangu. Nilikumbuka hatua nne. Nilikumbuka mvuto mmoja. Ningekuwa mimi, Mungu anisamehe, ningepuliza.

"Kivuli kimefika," akasema askari.

Mume wangu akaishusha pembe kidogo. "Bado," akasema.

Askari akatazama chini. Kivuli kilikuwa kimelala juu ya jiwe, kimelifunika, kimeanza kushuka upande wa pili. Akatazama tarbushi. Tarbushi ilisema bado. Akainama, akarudisha mrija wake mdomoni.

Tulikaa hivyo. Kivuli kilipita jiwe kwa upana wa kiganja. Mrija wa uani uliendelea kutikisika, halafu polepole ukatulia. Nadhani hapo ndipo mzee alipolitazama jua kupitia migomba, akajua ni saa ngapi, akajua pembe haijalia na kwa nini haijalia.

Kikasikika kikohozi kile kile ninachokikimbia. Mara hii sikukimbia.

"Ua," ikasema sauti nyuma ya matete. "Ndaga fijo."

Asante sana. Sikujua analiagiza ua limfikishie nani, mimi kwa pombe au mwanawe kwa ule mvuto. Mrija ukarudi nyuma taratibu, ukapita kwenye matete, ukatoweka. Ndipo mume wangu akapuliza pembe.